Salamu ya Mahabusu

Wageni walikuwa wameshaondoka, na giza linaanza kushuka, Namelok aliporudi kufunga kufuli. Tangu asubuhi alikuwa amewazungusha watu wanane, kuanzia Mnara wa Saa hadi kwenye ngome hii ndogo ya mawe aliyoiacha Mjerumani huku Engutoto. Koo lilishamkauka kwa historia. Mwanawe Theresia, wa miaka sita, alimwacha getini anamalizia hindi la kuchoma.

Kufuli lilikuwa la chumba cha mahabusu. Humo ndimo walimofungiwa wazee wa Kiarusha waliogoma kubeba mawe ya ngome, na wengine hawakutoka; picha yao ilitundikwa ukutani. Namelok aliisimulia habari hiyo kila siku, kwa sauti ileile, na siku hizi wala haikumuuma.

Alipoushika mlango, akasikia kikohozi.

Kikohozi cha mzee… Na harufu ya ugoro.

Alidhani ni mgeni aliyeachwa na wenzake. Na kwa kuwa heshima si utumwa, alifanya alivyolelewa. Akaingia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Kisha mkono ukatua utosini mwake.

Mkono mkavu. Wa baridi.

Kwao, mdogo huinama na mkubwa humgusa kichwa. Akiinua mkono, salamu imekwisha. Mkono huu haukuinuka. Namelok akangoja. Akajaribu kunyanyuka, shingo ikagoma. Miguu nayo ikagoma. Aliweza kuona sakafu tu, na mbele yake, pale alipopaswa kusimama mwenye mkono, hapakuwa na miguu ya mtu.

"Wanapita wengi humu," sauti ikanong'ona kwa Kimaasai. "Wananitazama ukutani, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kunisalimia."

"Niachie, baba. Nina mtoto."

"Nami nilikuwa naye."

Namelok alilia kimyakimya, machozi yakidondokea sakafuni. Ndipo akasikia nyayo ndogo zikija ukumbini.

Chap… chap… chap.

Hofu yote ya mwanzo ikawa mchezo. Samaki mkunje angali mbichi, na Theresia alikuwa amekunjwa barabara: kumpita mkubwa bila salamu lilikuwa kosa la fimbo. Sasa mama mtu alimwomba Mungu mwanawe awe mtovu wa adabu, japo mara hii moja. Akajitahidi kumwita, amwambie arudi, asisalimie mtu. Sauti nayo ikagoma.

Nyayo zikasimama mlangoni.

"Shikamoo, babu."

Mkono ukaondoka kichwani mwa Namelok.

Alimkwapua mtoto akakimbia naye, hakugeuka nyuma, hadi barabarani kwenye taa na bodaboda na watu. Akamweka chini huku akihema, akilia na kucheka kwa pamoja. Akamwambia yamekwisha, amtazame mama.

Theresia alikuwa bado ameinamisha kichwa.

"Siwezi, mama," alisema. "Babu hajainua mkono."