Nati Isiyo na Rangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kafedha humkunjia mama yake ovaroli ya kazini. Mama yake, Eddah, hufunga magurudumu katika kiwanda cha kuunganisha malori huko Changamwe. Kila nati anayoikaza huipaka doa la rangi ya manjano, ili yeyote apitaye ajue kazi imekamilika.

Wiki ile nyumba yao ya Jomvu Kuu haikuwa na raha. Kiwanda kilikuwa kinaletewa mkono wa chuma wa kukazia nati, na katika sehemu ya magurudumu ni mtu mmoja tu angefundishwa kuuendesha. Wengine wangetafutiwa kazi nyingine, na isipopatikana, ndiyo kwaheri.

Siku hizo hizo darasa la Kafedha likaenda kukizuru kiwanda. Msimamizi, Bwana Absalom, akawapokea.

"Japani na Ujerumani, roboti ndizo zinazochomelea vyuma," aliwaeleza. "Kuna nchi ambako viwanda vya magari vimepunguza watu, na kuna nyingine ambako vipya vinafunguliwa. Kazi huhama, wanangu. Anayejifunza huhama nayo."

Kafedha alimsikia kwa sikio moja. Mbele yake kebini nzima ya lori ilikuwa ikishuka kutoka juu kwa minyororo, polepole, ikatua kwenye fremu kama kuku anayerudi kwenye mayai yake. Chuma kilichokuwa kitupu sasa kilikuwa na uso. Mwili ulimsisimka. Kumbe mikono inayomsongea ugali jioni ndiyo inayofanya maajabu haya mchana.

Akatazama gurudumu ambalo mama yake, aliyesimama kando yake, alikuwa amelifunga. Nati moja haikuwa na rangi.

Akisema, mama ataaibika mbele ya msimamizi na nafasi itampita. Akinyamaza, lori litashuka mteremko wa Mazeras na mzigo wake, na dereva hajui lolote.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba, "nati ile haina rangi."

Mama akaigusa. Ikazunguka kwa vidole tu. Hapo akavuta kamba iliyoning'inia juu yake, king'ora kikalia, na kiwanda kizima kikasimama. Kimya kile kilimwogopesha Kafedha kuliko kelele zote.

Bwana Absalom alifika mbio. "Nani kasimamisha kazi?"

"Ni mimi, bosi. Nati hii niliisahau. Binti yangu ndiye aliyeiona."

Bwana Absalom akainama, akaikagua nati.

"Mama Kafedha," alisema, "wiki nzima sijaona mtu akivuta kamba hii. Nikajiuliza, hawa hawakosei, au wanaogopa? Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatatu utaanza mafunzo ya kuuendesha mkono wa chuma."

Jioni walikaa kula.

"Mwanangu," mama akamwambia, "uliposema, nilidhani umeniponza. Mkono ule wa chuma utakaza nati kunishinda mimi. Lakini hautasema, 'Hapa nimekosea.' Kazi hiyo ni yetu sisi watu, nawe leo umeifanya."