Mkwe Hashikwi Mkono

"Nyinyi, hiyo mipini ya majembe mnauza ngapi?"

Mzee mmoja aliuliza hivyo katikati ya soko la Mukuyuni, mwaka wa 1987, na watu wawili wasiojuana wakageuka pamoja. Mmoja alikuwa Wahome, kijana mrefu wa Nyeri mwenye kofia nyeupe. Wa pili alikuwa Mbinya, binti wa Kathonzweni, sketi yake ya samawati imepigwa pasi ikanyooka. Wote wawili walibeba mifuko ya fimbo za gofu.

"Haziuzwi, mzee," Mbinya akajibu. "Ni za kuchapa wanaume wasumbufu."

"Basi anza na mimi," Wahome akasema, na maskini, akawa ameshanaswa.

Walikuwa wakienda mahali pamoja: mafunzo ya walimu wa gofu, kwenye kiwanja cha shamba la katani. Huko walimu walikula sufuria moja, wakasahihishana mabega na magoti, wakataniana mpaka machozi.

"Mpenzi, ukipiga mpira unafunga macho," Wahome alimwambia.

"Nafunga nisikuone. Utaniharibia shabaha."

Siku ya mwisho wanakijiji walialikwa wajaribu mchezo. Mbinya alikuwa amemnong'onezea mamake kwamba mwenye kofia nyeupe ndiye atakayekuja kuposa. Mama akaja kumchungulia kwa mbali, amejifunga leso mpya. Wahome hakuambiwa kwamba mama atakuja, Mbinya aliona haya.

Wahome akamwona mama mmoja anajificha nyuma ya wenzake. Akamvuta mkono hadi mbele, akasimama nyuma yake, akamzungushia mikono yake na kuifunika ya mama juu ya fimbo, kama walimu wa gofu wafanyavyo. Mama akakakamaa.

"Legeza, mama! Unashika fimbo kama mwiko wa kupikia isyo ya mahindi na maharagwe!"

Walimu wakaangua kicheko, Nzuki wa Kanyangi akiwa mbele yao. Mama akaiacha fimbo ianguke, akajifunika uso kwa leso, akaondoka.

"Huyo ni mama yangu, Wahome," Mbinya akasema, akamfuata.

Kicheko kikamkauka Nzuki. "Umekwisha, ndugu yangu. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono. Hata ukikutana naye njiani unapinda, unaingia kichakani. Wewe umemkumbatia mbele ya watu!"

Wahome alitamani ardhi immeze. Kosa la mkono angeweza kulisingizia ugeni. Ule mzaha wa mwiko je? Huo ulikuwa wake mwenyewe, na kila alipoukumbuka uso ulimwaka.

Kesho yake, walimu wakiwa bado hawajatawanyika, akapiga simu kwenye duka la Kathonzweni, Mbinya akaitwa.

"Mpenzi, sikujua."

"Najua hukujua. Lakini ulimcheka. Mama hatoki nyumbani, anauliza ataangalia watu na macho gani."

"Nakuja."

"Usikuje." Simu ikakatwa.

Nzuki alikuwa amesikia yote. "Tulicheka pamoja, tutaaibika pamoja," akasema. Walimu wakachanga, wakanunua mbuzi mmoja. "Lakini huyu ni wa kuomba msamaha tu," Nzuki akamwonya. "Wa posa hawaji mmoja. Usichanganye."

Walipofika kwa kina Mbinya, Nzuki alimsimamisha Wahome akitazama ghala, mgongo kwa mlango wa nyumba, asionane na mama. Wengine wakasimama kando, vichwa chini. Wahome akavua kofia.

"Mama, nimekukosea. Mkono ulikosa kwa kutojua. Mdomo ulikosa kwa ujinga wangu. Nisamehe."

Mbuzi akalia. Kisha sauti ikatoka ndani.

"Mbinya, nani huyo anaongea na ghala?"

"Ni yule, mwaitu," Mbinya akamjibu mamake kutoka uani.

"Na hao wengine?"

"Ni sisi tuliocheka, mama," Nzuki akajibu kwa sauti ndogo. "Tusamehe."

Mama akamchungulia mbuzi kutoka mlangoni.

"Mwambie hapa kwetu mkwe haji na mbuzi mmoja. Aende atafute wengine."

Nzuki akapiga mluzi, walimu wakaanza kukumbatiana. Wahome peke yake hakuthubutu kusogea. Alisimama pale pale akilitazama ghala.

"Naweza kugeuka?"

"Geuka," Mbinya akasema, karibu kabisa na sikio lake. "Mama ameshafunga mlango."