Alama ya Kumi na Saba

Kila asubuhi ya likizo Velma aliteka maji, akafagia ua, akampikia baba chai, kisha akabaki peke yake. Baba yake, Ekuam, alikuwa askari wa wanyamapori huko Leparua. Alitoka alfajiri na kurudi jua likizama, na maneno yake yalikuwa haba kama mvua ya huko. Tangu mama afariki miaka mitatu iliyopita, nyumba ilijaa ukimya. Kuna siku Velma alitamani hata kugombezwa.

Jumamosi moja baba alimwachia kifaa chake cha GPS, kile kidogo cha mkononi kinachohifadhi alama za mahali. Kifaa hicho huipa kila alama namba tu, na askari husahau ipi ni birika la kunyweshea wanyama na ipi ni njia ya ndovu. Ekuam alimweleza moja baada ya nyingine ili aziandikie majina, na zile za uzio uliobomoka ambao umeshatengenezwa azifute. Alipofika ya kumi na saba alinyamaza, akairuka.

Velma alifurahi kuaminiwa. Akaandika Birika, Lango, Njia ya Ndovu. Ya kumi na saba ilimshinda. Ilikuwa mbali, haina maji wala njia karibu. Angemngoja baba amwulize, lakini alitaka kazi iishe na ionekane safi. Akaifuta. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwepo wa kumkumbusha?

Jioni baba alikagua kazi akiitikia kwa kichwa, kisha akauliza alama ya kumi na saba iko wapi. Velma akajibu kwamba hakuiona.

"Basi ni Lodio," baba akasema. "Alisema angepita hapa mchana, lazima amekichezea. Wacha nimpigie."

Lodio, askari mwenzake baba, ndiye mtu pekee aliyekuwa akipita pale nyumbani kumjulia Velma hali. Baba alikuwa tayari ameweka simu sikioni.

"Baba, si Lodio. Ni mimi nilifuta. Nilidhani haina maana, halafu nikaogopa kusema."

Ekuam alikata simu.

"Hapo ndipo tulimzika mama yako," alisema. "Wewe ulikuwa mdogo, uko kwa nyanya kule Ngaremara. Mimi miguu yangu inapajua, kila Jumapili naenda. Ile alama nilikuwekea wewe, siku mimi sipo. Kuandika jina ndiko kulikonishinda."

Velma alilia kwa kosa lake, na kwa kujua kwamba baba naye alikuwa mpweke miaka yote hiyo.

Kesho yake walitembea pamoja hadi kwenye rundo la mawe chini ya mgunga. Velma alihifadhi alama upya, akaandika jina la mama: Nangiro.

"Ukikosea, sema mapema," baba alimwambia. "Kosa ukilisema, tunalirekebisha wawili. Ukilificha, unabaki nalo peke yako. Hata mimi nilikosea kunyamaza. Kuanzia leo tutakuja sote."