Sare Iliyolowa Kambani

Nilitoka kuanua nguo kabla ya mvua. Ndivyo ilivyoanza, kwa shughuli ndogo tu ya jioni: kapu mkononi, vibanio mdomoni, macho angani nikilipima wingu. Kwenye kamba palikuwa na magauni yangu, taulo langu, na suruali za jirani yangu wa chumba cha pili. Mwishoni kabisa, mbali na nyingine, ilining'inia sare ya shule ya mtoto wa kike.

Nyumba ile haikuwa na mtoto.

Ilikuwa nyumba ya waandishi. Wenyewe walialika watu wa aina yetu tu, sisi tunaoandika habari za kesho: miji ya chini ya bahari, mashine zinazoota ndoto, watu wanaohamia sayari nyingine. Ukikubaliwa unapewa chumba, meza, taa na chakula, na kazi yako ni moja, uandike. Kila jioni tulikaa barazani na kila mmoja akasoma kwa sauti alichoandika siku hiyo. Mtunza nyumba, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alitupokea kwa sheria chache. Usivute sigara ndani. Zima taa ukitoka. Anua nguo zako mwenyewe, na usiyoijua iache ilipo. Tulicheka, tukidhani anaogopa tutaibiana soksi.

Mimi nilikwenda pale kumwandika mwanangu.

Tulimwita Kijino. Alikufa akiwa na miaka saba, kwa ugonjwa wa kifua. Watu waliniambia nishukuru, nimwachie Mungu, nizae mwingine. Sikutaka mwingine. Nilimtaka huyo, na kwa kuwa kazi yangu ni kubuni yajayo, nikaamua kumpa yajayo. Hadithi yangu ilianzia asubuhi iliyofuata kifo chake, ila katika hadithi aliamka. Akaomba chai, akavaa sare mpya, akaenda shule.

Ukurasa huo nilikuwa nimeuandika siku ile ile. Na sasa sare ilikuwa mbele yangu, inachuruzika maji wakati nguo nyingine zote zilishakauka. Niliisogelea… Ilinukia dawa ya kuchua, ile ya kufungua kifua niliyokuwa nikimpaka kabla hajalala.

Tone la kwanza la mvua likaniangukia mkononi. Sikufikiri. Mzazi akiona nguo ya mtoto inataka kunyeshewa, mkono hutangulia akili.

Nikaianua.

Nilipokuwa jikoni natafuta vyombo vya kula nikasikia nyayo chumbani kwangu. Nyepesi. Za miguu mitupu yenye maji. Nilifungua mlango, hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa na unyevu, na sare haikuwepo kitini nilipoiweka. Nilipaswa kupiga kelele. Badala yake nilikaa kitandani nikalia kwa furaha.

Kuanzia hapo niliandika kama mtu anayekimbizwa. Kijino akavunja ungo, akanijibu jeuri, akaja kuniomba radhi. Kambani nikakuta gauni la msichana. Nikaanua. Akaenda chuo kusomea mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Nikakuta koti jeupe la maabara. Nikaanua. Kila nguo ilikuwa imelowa, kila nguo ilinukia dawa ile. Nyayo nazo zikawa nzito. Nikaanza kusikia mtu akihema nyuma ya kiti changu ninapoandika, kwa taabu, kama mwenye kifua kilichobana…

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataacha kuja.

Alasiri moja dada yangu akanipigia simu.

“We mdogo wangu, umepotea jamani! Nimeiona picha ya Kijino, ile anacheka na pengo lake. Nimecheka mpaka machozi. Unakumbuka alivyolificha lile jino?”

“Jino gani?”

“Si lile lililong'oka akalitia kwenye kiatu chako, ukaenda nalo kazini? Ndiyo tukaanza kumwita Kijino.”

Nilijipekua kichwani kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Hamna. Nikatafuta siku aliyozaliwa. Hamna. Nikatafuta sauti yake akiimba bafuni. Nilijua kwamba alikuwa akiimba, kama unavyojua habari za mtoto wa jirani, lakini sauti yenyewe haikuwepo.

“Uko hapo?” dada akauliza taratibu.

“Nipo,” nikamjibu.

Jioni hiyo kambani palikuwa na ovaroli ya bluu. Asubuhi nilikuwa nimemwandika Kijino mhandisi kamili, akiingia kazini siku ya kwanza. Nilisimama mbele ya ile ovaroli bila kuigusa. Jirani yangu alikuwa anaanua suruali zake. Alikuwa mzee wa masihara, tukimwita Roketi kwa sababu hadithi zake hazikuwahi kutua duniani.

“Umeshaanua ngapi?” akaninong'oneza.

Nikajifanya sielewi.

“Mwanangu, mimi na wewe ni waongo wa kazi. Tusidanganyane wenyewe kwa wenyewe.”

Nikamwambia. Alikunja suruali moja, akaikunjua, akaikunja tena.

“Mimi nilimwandika mke wangu,” akasema. “Nilimfanya nahodha wa chombo cha anga. Akaja. Sasa nikifumba macho namwona nahodha na vifungo vyake vya dhahabu. Watoto wangu wananiambia mama yao alikuwa mshonaji, mnene, anaogopa hata ngazi. Nawaamini. Wale si waongo, hawakunirithi.” Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka.

“Wanatokea wapi, mzee?”

“Sijui. Aliyekufa hana kesho. Ukimpa kesho, kitambaa cha nguo zake anakikata kwenye jana yako. Zaidi ya hapo sijui, na mtunza nyumba hasemi.”

“Sasa mbona unarudi hapa?”

Aliitazama ile kamba.

“Labda siku moja nitakuta gauni lake la kawaida.”

Niliiacha ovaroli ilipo. Wenzangu wakakusanyika barazani kusoma, mimi nikajifungia chumbani. Giza lilikuwa linaingia. Harufu ya dawa ikaja kwanza, ikipita chini ya mlango. Kisha nyayo. Zikasimama.

“Mama…”

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

“Mama, nguo yangu iko nje. Naona baridi.”

“Wewe nani?”

“Umeniandika mwenyewe, leo unaniuliza?”

“Lile jino,” nikasema, “ulilificha wapi?”

Akahema. Kifua kikapiga filimbi.

“Sina jino, mama. Ulinianzisha asubuhi ile ya chai. Nyuma yake kuna giza tu. Nipe kilichobaki.”

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Usiku wake wa mwisho: kikohozi chake, kichwa chake juu ya mkono wangu mpaka mkono ukafa ganzi nami nisiusogeze, na yeye akisema, “Mama, usizime taa.” Basi. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho cha mwanangu wa kweli.

“Hicho sitoi,” nikasema.

“Mama… baridi.”

Nilishika kitasa. Kilikuwa kimelowa upande wangu.

Sikufungua. Alilia upande wake nami nikalia upande wangu, mpaka barazani wakamaliza kusoma na kupiga makofi. Nilimfungia mwanangu mlango, na hakuna neno zuri la kulifunikia jambo hilo.

Kulipokucha niliondoka, hadithi nikaiacha mezani bila mwisho. Roketi alinibebea begi hadi barabarani. “Una roho ngumu,” akasema, na sikujua kama ananisifu.

Hapa kwangu nina kamba fupi nyuma ya jiko. Ovaroli ya bluu imenifuata, ipo kila jioni. Naanua zangu, yenyewe siigusi. Taa ya chumbani siizimi. Nayarudia kila siku nisije nikayapoteza: kikohozi, kichwa, mkono, ganzi, taa.

Leo nimeandika haya kukiwa bado na mwanga, na sasa mvua imeanza. Mvua kubwa. Kutoka dirishani naiona ovaroli inavyopigwa huku na huku. Chini yake pamesimama mtu. Amejikunja…

Ni mdogo.

Anakohoa, na kikohozi hicho nakijua.

Mama gani huacha nguo ya mwanawe inyeshewe?

Ngoja nitoke.