Dirisha la Anton

Jumamosi hiyo Irmgard Zeller alifagia ngazi mara tatu, na mara zote tatu zikarudi kuwa na masizi.

Kibao cha zamu ya kufagia kilikuwa kimetundikwa mlangoni kwake tangu Jumatatu, kama kinavyozunguka mlango hadi mlango katika kila nyumba ya ghorofa ya Swabia, kusini mwa Ujerumani. Watu wa huko hawaamini majini, lakini ngazi chafu wanaiogopa kweli. Bi Kübler wa ghorofa ya juu alikuwa ameshasimama pale, mikono kiunoni.

"Mama Zeller, kibao kiko kwako au macho yangu yamezeeka?"

"Kiko kwangu, na nimefagia."

"Basi mwambie mumeo vita viliisha miaka kumi iliyopita. Avue buti."

Irmgard alikuwa akitazama nyayo. Zilikuwa nyayo za buti, nyeusi, zenye mafuta, zimepanda kutoka mlango wa barabarani hadi mlangoni kwake, na hakukuwa na za kushuka. Mumewe, Eberhard, alikuwa kazini akifundisha watu kuendesha gari, na asubuhi alitoka na viatu vya kahawia.

Alifagia mara ya nne, akaingia jikoni kuosha mikono. Hapo ndipo aliposikia kitu kikigonga ndani ya jiko la chuma. Kiligonga mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena mara tatu, polepole, kama mtu anayejua yuko mlangoni kwa jamaa yake. Moto ulikuwa haujawashwa. Halafu ikaja harufu ya petroli na ya nywele zilizoungua, na mtoto tumboni, wa miezi sita, akajipindua.

Eberhard aliporudi saa tisa alasiri alimkuta mkewe amekaa kwenye sanduku la nguo katikati ya sebule, amevaa koti.

"Sikiliza," Irmgard alinong'ona.

Jiko likagonga. Uso wa Eberhard ukapauka, na yeye, aliyekuwa kapteni wa vifaru miaka mitatu huko Urusi, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Unamjua," mkewe alisema.

"Ni Anton. Dereva wangu."

"Anton wa Mama Stoll? Si ulisema alikufa papo hapo?"

Basi akamweleza, huku sauti yake ikishuka kila jiko lilipogonga, kwamba kifaru kilipigwa na kushika moto, kwamba yeye alirukia theluji kutoka juu, na kwamba bomba la mzinga lilikuwa limelala juu ya mfuniko wa tundu la kutokea dereva, hivyo Anton hakuweza kuufungua kutoka ndani. Ilihitajika tu mtu arudi auzungushe mzinga kiasi cha upana wa kiganja, na mtu huyo alikuwa yeye, akabaki amelala thelujini akisikia kijana akigonga chuma tatu tatu, mpaka akaacha.

"Na barua uliyomwandikia mama yake?"

"Makapteni sote tuliandika hivyo. Hakuteseka, alikufa papo hapo, chini ya anga wazi. Hayo ndiyo maneno tuliyokuwa nayo."

"Kesho ni siku aliyozaliwa Anton. Mwambie mama yake. Usipomwambia, nakwenda kwa dada yangu Ulm, na mtoto huyu atazaliwa huko."

"Irmgard, yule mama ananiita mwanangu. Sina mwingine anayeniita hivyo."

"Na huyu je, atakuita nani?" Irmgard alisema, mkono tumboni.

Kesho yake alasiri Mama Stoll alimpokea kama kila mwaka: kahawa, keki ya tufaha, sahani tatu mezani ingawa walikuwa wawili. Kama kila mwaka, alitoa ile barua na miwani.

"Nisomee, mwanangu. Wewe unaisoma vizuri kuliko mimi."

Eberhard alifika kwenye maneno *chini ya anga wazi*, na jiko la Mama Stoll likagonga mara tatu. Bibi hakushtuka.

"Linafanya hivyo tangu mwaka ule," alisema. "Nilidhani ni bomba la moshi."

Eberhard akaiweka barua chini, akasema yote. Hakujitetea, na hilo niliandike kwa upande wake, maana ni dogo lakini ni lake.

Mama Stoll aliichukua barua, akaikunja.

"Barua ilipofika nilikwenda dirishani," alisema. "Mtu akifa unafungua dirisha roho itoke, mama yangu alinifundisha. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo. Nikasoma tena: amefia nje. Nikasema, aliyefia nje hahitaji dirisha. Nikaliacha."

Aliinuka, akafungua dirisha wazi kabisa. Baridi ya Novemba iliingia, na kitu kikapita kati yao kwenda nje, kizito, chenye harufu ya petroli, kikiburuza pazia. Kisha jiko likawa jiko tu.

"Nenda, Bwana Zeller," alisema bila kugeuka. "Mwakani usije."

Alirudi nyumbani akilia barabarani mchana kweupe, na hakujali nani anamwona. Irmgard alilifungua sanduku, akazirudisha nguo kabatini.

Wiki tatu zikapita kwa amani. Jumamosi ya nne, ingawa zamu ilikuwa ya Bi Kübler, Irmgard alifungua mlango akakuta kibao kimetundikwa kwake. Ngazi zilikuwa nyeusi kutoka chini hadi juu. Palikuwa na nyayo za buti kubwa na za buti ndogo, za mguu mmoja usio na kiatu, na za mwingine ulioburuzwa, zote zikipanda, zote zikiishia mlangoni kwao.

Alimwita mumewe. Walisimama pamoja, na ile harufu ikaanza.

"Eberhard," alinong'ona, "barua za maneno yale uliandika ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja majina. Vidole viliisha, akaanza upya, na nyuma yao jikoni wakaanza kugonga, si tatu tatu tena, bali kila mmoja kwa mkono wake.