Mpira wa Sketi na Meno Mawili

Mama fundi hakujua kukaa bure. Cherehani yake ililia tangu asubuhi. Alishona sare za shule, mapazia, na makoti meupe ya kituo cha afya cha jirani. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alimsaidia kushona vifungo.

Meno mawili ya mbele ya binti huyo yalichomoza na kuachana. Shuleni walimwita Kifungua Soda. Alicheka nao, akifika nyumbani analia.

"Nyamaza, mwanangu," mama alimwambia. "Mpira huu unabana kiuno cha sketi. Utashindwaje na meno mawili?"

Akakata kipande chembamba cha mpira, akayafunga meno yale. Siku ya nne mpira haukuonekana.

"Nadhani nimeumeza," binti alisema.

"Basi utatoka wenyewe," mama alijibu, akaendelea kushona.

Wiki iliyofuata fizi zilivimba na kutoa damu. Meno yote mawili yakaanza kutikisika. Hapo mama aliingiwa na hofu kwelikweli.

Mchana alikuja mteja wake wa siku nyingi, mwanamke mpole, kuchukua koti lake. Binti alimpa bila kufungua mdomo.

"Leo hata salamu hakuna? Kulikoni?"

Mama akamweleza yote. Mteja alinawa mikono, akamgeuza binti kwenye mwanga, akatazama.

"Hakuumeza. Jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi. Mpira umepanda, umejificha ndani ya fizi. Ukiachwa humo, meno yote mawili yatang'oka."

"Umejuaje, dada?"

"Mimi ni tabibu wa meno pale kituoni. Chumba changu kinafuata maabara."

"Miaka sita nakushonea makoti!"

"Na miaka sita hujaniuliza nafanya kazi gani. Twendeni."

Watu kama hawa mimi nawavulia kofia. Kule kituoni alimchoma binti sindano ya ganzi, akautoa mpira taratibu kwa koleo dogo, huku akimsimulia vichekesho.

"Sasa fizi zipone kwanza," alisema. "Daktari wa kunyoosha meno huja hapa kila mwezi. Yeye ndiye atakayekufunga waya. Waya huvuta jino polepole, naye huupima kila akija. Mpira wenu ulivuta kwa fujo."

Fizi zilipopona, binti akafungwa waya. Siku za mwanzo meno yalimuuma, akala vyakula laini. Alipiga mswaki kila baada ya kula, akapitisha brashi ndogo chini ya waya. Ubani wa kutafuna na vitu vigumu akaviaga. Miaka miwili hakukosa kliniki hata mara moja. Watu wazima wangapi tungeweza?

Shuleni wakambadilishia jina, wakamwita Reli.

"Afadhali," aliwaambia. "Reli ina mahali inapokwenda."

Siku ya kutoa waya ikafika. Daktari aliyagusa meno yale kwa kidole, moja baada ya jingine. Yalikuwa yamenyooka, na hayakutikisika.

"Yameshika," alisema. Akampa binti kifaa cha kuvaa akilala, ili meno yasirudi yalikokuwa.

Mama fundi alilia mbele za watu bila haya.

"Mama, sasa unalia nini?"

"Mkono wangu ndio ungekung'oa meno, mwanangu. Kisha ningekwambia ni bahati mbaya."