Gunia la Hewa

Abdulkadiri wa Kizota alikuwa na mashine moja ya kusaga na mama mmoja tu. Mashine aliipenda, mama alimpenda zaidi. Lakini mwaka ule wa mgao wa umeme alinunua jenereta la dizeli, akaliacha lingurume kutwa, mahindi yawepo yasiwepo.

"Mlio ndio kibao changu," alijisifu. "Wateja wakiusikia, wanakuja."

"Na mimi nikiusikia, naondoka," mama yake, Bi Sabiha, akajibu huku akikohoa. Alikuwa akifunga nguo zake kwenye khanga. "Narudi kwetu Kolo. Kule mbuzi hawatoi moshi."

Abdulkadiri akacheka. Kisha akaliona lile fundo la khanga limekazwa kweli. Kicheko kikamkauka.

Jirani yao, Mwalimu Emilia, akaingia na debe la mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

Emilia akalitazama lile fundo, akakisikia kikohozi, akaelewa. "Abdulkadiri, jenereta linakunywa lita ngapi kwa siku?"

"Kumi."

"Basi kila siku unatoa hewa ya ukaa kama kilo ishirini na saba."

"Acha utani, Mwalimu! Lita ya dizeli haifiki hata kilo moja. Hizo nyingine nazishusha kwa dua?"

"Unga kilo moja ukiusonga, ugali unakuwa kilo moja?"

"Unazidi. Si kuna maji?"

"Ndivyo hivyo. Dizeli ikiungua, kaboni yake hushikana na oksijeni ya hewani. Kila lita hutoa karibu kilo mbili na nukta saba. Zidisha kwa lita zako, umepata makadirio. Hewa hiyo huioni, lakini hubaki angani miaka mingi ikizidisha joto la dunia. Huu moshi mweusi ndio unaomkohoza mama."

"Na umeme wa nguzo?"

"Uulize unatoka wapi. Mitambo ikichoma mafuta, hesabu ni ileile. Ikizungushwa na maji, hakuna mafuta yanayoungua."

Abdulkadiri akahesabu kwa vidole. Siku nne, zaidi ya kilo mia. "Gunia zima la hewa! Na muda mwingi sisagi hata punje."

Akalizima. Kizota ikatulia.

"Sasa wateja watajuaje?"

"Nipe ile ringi ya gurudumu la lori iliyolala uani, niwe naigonga kama kengele," akasema Bi Sabiha.

Wakaitundika mlangoni. Bomba la moshi wakaligeuzia mbali na nyumba. Tangu hapo wateja waliacha mahindi yao yakusanyike kwanza. Yakitosha, Bi Sabiha aligonga ringi, wateja wakaja kusagiwa, jenereta likawashwa. Lita kumi zikawa nne. Kilo ishirini na saba zikashuka hadi kumi na moja hivi. Kikohozi kikapungua.

"Mama, safari ya Kolo vipi?" Abdulkadiri akamchokoza.

Bi Sabiha alikuwa amejifunga khanga ileile kiunoni.

"Niende Kolo, ringi uigonge wewe? Huna mkono wa kengele!"